Kutoka Boriti hadi Baraza: Istilahi za Kiswahili katika Usanifu wa Banda la Umma la Mbao Pwani

Ikisiri

Makala hii inachunguza istilahi za Kiswahili zinazohusu ujenzi wa mbao na kuonyesha namna zinavyoweza kumwongoza msanifu anayebuni banda la umma katika mazingira ya pwani. Hoja kuu ni kwamba majina kama vile boriti, pau, kombamoyo, upenu na baraza yamebeba ndani yake vipimo, kazi na maarifa ya hali ya hewa. Msamiati huo unalinganishwa na ule wa wauza mbao na mafundi wa Waithaka, Nairobi, ambao nao una ubora na upungufu wake. Mwishowe, makala inapendekeza utaratibu wa kuandika mchoro wa jengo kwa Kiswahili ili fundi, mzee wa kijiji na mlinzi wa msitu waweze kuusoma pamoja.

1.0 Utangulizi

Waithaka ni kata iliyomo katika eneobunge la Dagoretti Kusini, magharibi mwa jiji la Nairobi. Iko katika nyanda za juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na karibu kilomita 500 kwa barabara kutoka Mombasa. Mtu anayeingia katika duka la mbao la mtaa kama huu hasikii boriti wala pau. Husikia tubaitu, thrii bai tu, fobaitu, rafta na fasha bodi. Mbao yenyewe aghalabu ni saiprasi, paini, mgrevilea au mkaratusi. Muuzaji na mnunuzi huelewana mara moja, kwa sababu jina limetaja upana na unene kwa inchi, na hilo latosha kwa nyumba ya mabati au kibanda cha biashara.

Tuchukulie sasa kwamba fundi aliyekomaa katika mazingira hayo anaitwa kujenga banda la umma ufuoni mwa bahari, tuseme Gazi au Lamu. Mchoro aliopewa umeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa usanifu majengo katika vyuo vikuu vya Kenya hufundishwa kwa lugha hiyo. Wazee wa kijiji, ambao banda ni lao, wanaujadili ujenzi kwa Kiswahili cha pwani. Fundi naye ana Kiswahili cha Nairobi kilichojaa maneno ya inchi. Hapo pana lugha tatu juu ya nguzo moja, na kosa litakalotokea baina yao halitaishia katika lugha. Nguzo itakatwa kutoka mti usiofaa, au itafukiwa katika udongo wenye unyevu, au paa litalazwa mno hadi livuje.

Kuna sababu nyingine ya kulitazama suala hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala. Jengo la umma ambalo umma hauwezi kuusoma mchoro wake limeanza kwa kasoro hata kabla ya kuchimbwa msingi. Wataalamu wa Kiswahili, ambao kwa kawaida hawahesabiwi miongoni mwa wajenzi, wana kazi ya kufanya hapa.

2.0 Jina la Jengo Lenyewe

Jengo linalozungumziwa ni la wazi, lenye paa na nguzo, lisilo na kuta au lenye kuta fupi, ambamo watu huketi, hukutana, huuza samaki, hungoja mashua au hupunga upepo. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayolikaribia. Ukumbi hutumiwa zaidi kwa chumba kikubwa cha mikutano. Jukwaa ni mahali palipoinuliwa ili wasemaji au waigizaji waonekane. Dungu na ulingo ni vya mlinzi wa shamba. Kipenu ni sehemu iliyoongezwa ubavuni mwa nyumba. Banda ni jengo la nguzo na paa, lakini neno hilo linabeba pia maana ya zizi la mifugo. Nairobi, kibanda ni duka dogo la kando ya barabara, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni cha muda tu.

Neno baraza lina historia ya kuvutia zaidi. Lina asili ya Kiarabu, na katika miji ya Waswahili lilimaanisha benchi la mawe lililojengwa mbele ya nyumba, ambapo wanaume waliketi jioni na mgeni alipokewa kabla ya kukaribishwa ndani. Katika nyumba za kale za Lamu, daka la mlangoni lina mabaraza mawili yanayotazamana. Kutokana na mahali pa kuketi, maana ilipanuka ikawa mkutano wa walioketi, kisha chombo chenye mamlaka. Leo kuna Baraza la Mawaziri, kuna baraza la chifu, na Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa Tanzania mwaka 1967. Mkazi wa Waithaka anajua baraza la chifu vyema, ingawa huenda hajawahi kuona benchi la mawe lililozaa neno hilo.

Makala hii inapendekeza istilahi banda la baraza. Ikipimwa kwa vigezo vya PEGITOSCA vya Kiingi, ambavyo wanafunzi wengi wa istilahi wanavifahamu, inajitetea vizuri. Ni bainifu, kwani banda linataja umbo na baraza linataja matumizi. Ina uwekevu, kwa kuwa ni maneno mawili tu yenye kiunganishi. Ni angavu kwa msemaji wa kawaida, na inazalisha istilahi nyingine kama vile banda la baraza la wavuvi au banda la baraza la kijiji. Udhaifu wake uko katika kigezo cha kukubalika: kuna watakaoona kwamba banda ni neno duni kwa jengo la umma. Jibu ni kwamba hadhi ya neno hufuata hadhi ya kitu. Banda likijengwa vyema, jina lake litaheshimika.

3.0 Boriti na Ndugu Zake

3.1 Jina kama kipimo

Katika biashara ya miti ya mikoko, hasa Lamu, miti haikuuzwa kwa jina la jumla. Ilipangwa kwa unene, na kila daraja lilikuwa na jina lake. Nyembamba kuliko zote ni fito, zisizofika sentimita 4 za kipenyo. Kisha kuna pau, za takriban sentimita 4 hadi 8; mazio, za takriban 8 hadi 11; na boriti, za takriban 11 hadi 14. Juu ya hizo kuna nguzo, na nene zaidi, zinazopita sentimita 20, ni banaa. Hesabu yake ilifanywa kwa korija, yaani miti 20.

Mpangilio huu una mantiki ya kiusanifu. Fito hushikilia udongo wa ukuta au makuti ya paa. Pau hubeba fito. Boriti hubeba dari au sakafu ya ghorofa. Nguzo hubeba vyote. Kwa hiyo fundi aliyeagiza korija mbili za boriti na korija tano za pau alikuwa ameshataja, bila kuchora mstari, mzigo utakaokuwa wapi na utapita njia gani hadi ardhini.

Boriti pia ilipanga upana wa chumba. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, na upana wake kwa kawaida hauzidi sana mita 2.5 hadi 3. Sababu ni kwamba boriti ya mkoko yenye nguvu ya kubeba dari zito la mawe na chokaa haikuweza kuvuka nafasi kubwa kuliko hiyo. Hesabu ya kisasa inaunga mkono desturi hii. Mzigo wa kila mita ukibaki ule ule, na nafasi baina ya vishikizo ikiongezwa maradufu, mpindo wa boriti huongezeka mara 16. Wajenzi wa Lamu hawakuiandika kanuni hiyo. Waliiweka katika jina na katika upana wa chumba.

3.2 Kupanuka kwa maana na kupotea kwa kipimo

Katika Kiswahili sanifu cha leo, boriti ni mhimili wowote unaolala juu ya ukuta au nguzo, uwe wa mti, wa chuma au wa zege. Huu ni upanuzi wa maana wa kawaida katika lugha, na hauna haja ya kulaumiwa. Hata hivyo, una gharama. Neno lililokuwa na kipimo ndani yake sasa linahitaji kipimo kiandikwe pembeni. Mwandishi wa mchoro anayeandika boriti peke yake, akidhani kwamba neno litasema yote, ataeleweka kwa njia moja Lamu na kwa njia nyingine Nairobi.

3.3 Msamiati wa Waithaka

Ni rahisi kuyadharau maneno kama fobaitu na kuyaita uchafuzi wa lugha. Mtazamo huo hauna msaada. Fobaitu limefanya kazi ile ile iliyofanywa na pau na mazio: limegeuza kipimo kuwa jina. Zaidi ya hayo, kipimo chake hakitegemei eneo. Upungufu wake ni kwamba linataja ukubwa wa mbao iliyopasuliwa bila kutaja mti iliyotoka wala kazi itakayofanya. Fobaitu ya saiprasi na fobaitu ya mvule zina jina moja, ilhali moja huliwa na mchwa upesi na nyingine hudumu.

Nyanda za juu nazo zimechangia msamiati wa miti. Mtarakwa, mti wenye mbao nyekundu inayonukia na inayowashinda mchwa, unajulikana kwa jina linalokaribiana katika Kikuyu na Kimaasai. Jina hilo limeingia katika Kiswahili pamoja na sifa ya mti wenyewe. Mti huo umepungua sana misituni, lakini mfano wake unaonyesha kwamba maarifa ya mbao hayakuwa ya pwani pekee.

4.0 Mti Gani Ukatwe?

Uendelevu wa banda unaanzia katika swali hili. Pwani ya Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu ziko Lamu. Neno mikoko ni la jumla. Ndani yake kuna spishi tisa ambazo wenyeji huzitenganisha kwa majina: mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi na nyinginezo. Mkoko na mkandaa hutoa miti mirefu iliyonyooka ya kujengea. Mlilana, wenye matawi yaliyopinda, hutafutwa na waunda vyombo kwa ajili ya mataruma. Mkomafi hutoa mbao ya samani. Mtu anayesema mikoko tu hawezi kujua ni mti gani unaokatwa kupita kiasi na ni upi unaobaki.

Kwa karne nyingi, majahazi yalipakia boriti kutoka Lamu na maeneo ya jirani yakazipeleka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zenye uhaba wa miti. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Februari 2018, serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na wakataji mikoko wa Lamu wakapoteza riziki ghafla, hadi katazo hilo lilipolegezwa baadaye. Tukio hilo lilidhihirisha ugumu wa jambo lenyewe. Msitu usiolindwa huisha. Lakini msitu uliofungwa kabisa humwondoa msituni mtu pekee anayejua tofauti ya mazio na boriti.

Gazi, katika Kaunti ya Kwale, kuna njia ya tatu. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013, unalinda takriban hekta 117 za mikoko, na mapato yake yamesaidia huduma za maji na shule. Papo hapo Gazi, kikundi cha wanawake kina njia ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya mikoko, ambayo wageni huilipia ili waitembelee. Hilo ndilo jengo la umma la mbao lililo karibu zaidi na banda linalojadiliwa hapa. Linafundisha jambo moja muhimu: mbao iliyo juu ya maji ya chumvi huchakaa, na jengo huishi tu iwapo kuna kikundi chenye mapato na nia ya kubadilisha ubao ulioharibika.

Kwa banda jipya, busara ni kutoitegemea mikoko pekee. Mvinje umepandwa sana Kilifi na Kwale, na miti yake hufaa kwa ujenzi baada ya miaka michache tu. Mvinje ndio uliostahimili pia machimbo ya Bamburi, Mombasa, ambako Rene Haller alianza kupanda miti mwaka 1971 katika ardhi ya matumbawe iliyokuwa tupu. Mnazi uliozeeka na kuacha kuzaa unaweza kupasuliwa mbao, mradi ikumbukwe kwamba sehemu ya nje ya shina ni ngumu na ya ndani ni laini. Saiprasi na paini kutoka bara zinaweza kutumika juu, palipo pakavu, zikiwa zimekaushwa na kutibiwa kwa dawa. Hazifai kugusa ardhi ya pwani zikiwa tupu.

5.0 Kulibuni Banda

5.1 Mahali na mwelekeo

Istilahi za bahari zinatoa mwongozo wa kwanza. Bamvua ni maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Maji mafu ni yale ya katikati. Mombasa, tofauti baina ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua yaweza kukaribia mita 4. Banda lisipimwe kwa maji ya siku ya ziara ya msanifu. Lipimwe kwa alama ya bamvua kubwa ambayo wavuvi wa hapo wanaikumbuka, kisha liwekwe nyuma yake.

Mwongozo wa pili ni wa pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili hadi Oktoba. Pepo hizi ndizo zilizotupa maneno kaskazini na kusini. Banda likilazwa kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, pande zake ndefu huzielekea pepo zote mbili, na pande zake fupi hulipokea jua la asubuhi na la alasiri. Pwani ya Kenya iko karibu na ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa juu ya paa na kivuli hupatikana kwa urahisi. Kinachohitaji kinga zaidi ni upande wa kusi, kwa sababu upepo huo huja na mvua za masika. Upande huo upewe upenu mrefu au pazia la makuti.

5.2 Kitako na nguzo

Nguzo haiozi sawasawa. Huoza zaidi pale inapokutana na uso wa ardhi, mahali ambapo unyevu na hewa vipo pamoja. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu unaozidi takriban asilimia 20. Mbao ikibaki chini ya hapo, huwa salama. Kwa hiyo nguzo za banda zisifukiwe. Zisimame juu ya vitako vya mawe au zege vilivyoinuliwa, na maji ya mvua yateremke mbali nazo. Kitako kilichoinuliwa pia humlazimisha mchwa kujenga njia yake hadharani, na mlinzi wa banda ataiona aibomoe.

Tukifuata kipimo cha boriti, nafasi baina ya nguzo iwe mita 2.5. Banda lenye nafasi tatu kwa urefu na mbili kwa upana litakuwa na mita 7.5 kwa 5, yaani mita za mraba 37.5. Litahitaji safu tatu za nguzo nne nne, jumla nguzo 12. Hii ni zaidi kidogo ya nusu ya korija. Kwa hesabu hiyo, kijiji kinaweza kujua mapema ni miti mingapi itatoka katika shamba gani, na kupanda mingine kabla ya kukata.

5.3 Vifungo

Chumvi ya bahari hula misumari. Msumari wa kawaida hushika kutu, huvimba na kupasua mbao iliyouzunguka, na kutu hiyo hiyo ndiyo inayopasua zege lenye nondo karibu na bahari. Wajenzi wa mtepe, jahazi la kale la pwani ya Lamu, walishona mbao kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja. Banda la leo si lazima lishonwe lote. Viungo vya nguzo na mwamba vinaweza kutumia bolti za chuma kisichoshika kutu au vigingi vya mbao ngumu; fito na makuti yafungwe kwa kamba. Kila kifungo kiwe mahali panapofikika kwa mkono, ili kifunguliwe siku ya ukarabati.

5.4 Paa

Juu ya nguzo hulala mwamba. Kutoka mwamba hupanda makombamoyo hadi kileleni, pau hukatiza juu yake, na makuti hufungwa juu ya pau. Paa la makuti ya viungo linahitaji mwinamo mkali, karibu digrii 45, ili maji yateremke kabla ya kupenya. Fundi aliyezoea mabati ya Nairobi, ambayo huvumilia mwinamo mdogo, atalilaza paa bila kukusudia ubaya, na makuti yataoza. Hapa ndipo tofauti ya lugha inapogeuka kuwa tofauti ya maji. Katika maelezo ya mchoro, neno paa pekee halitoshi. Liandikwe paa la makuti pamoja na mwinamo wake.

Upenu nao usiachwe kuwa pambo. Kazi yake ni kulinda vichwa vya nguzo, vitako na mtu aliyeketi. Ukikatwa ili kupunguza gharama, banda huanza kuzeeka kutoka chini.

5.5 Baraza

Mchoro mwingi huanza na paa, kwa kuwa paa ndilo linaloonekana mbali. Banda la baraza lianze na benchi. Benchi likizunguka kingo za banda na lingine likitazamana nalo, kama katika daka la Lamu, watu wataonana nyuso na mazungumzo yatakuwa ya wote. Likielekezwa upande mmoja, banda litakuwa darasa au kituo cha basi. Mbele ya Ngome ya Lamu, katika uwanja wa Mkunguni, watu hukutana kivulini kila siku bila mwaliko wa mtu. Bustani ya Forodhani, Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, nayo hujaa watu jioni kwa sababu kuna mahali pa kuketi na bahari ya kutazama. Msanifu anayetafuta vipimo vya baraza aanze kwa kuketi sehemu kama hizo.

6.0 Uendelevu ni Kurudia

Neno endelevu linatokana na kuendelea, na uchambuzi huo wa kimofolojia una mafunzo. Jengo la mbao pwani haliendelei kwa kukataa kuoza. Huendelea kwa sababu sehemu zake hubadilishwa moja moja. Makuti hubadilishwa baada ya miaka michache, pau baada ya muda mrefu zaidi, na nguzo zilizolindwa vyema zaweza kukaa kizazi.

Japani kuna mfano mashuhuri. Madhabahu ya Ise, yaliyojengwa kwa mbao, hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Kwa muda huo, seremala kijana huweza kujifunza kwa mzee wake, kisha akafundisha mwingine. Kinachohifadhiwa pale ni ufundi pamoja na majina ya ufundi. Hali ni hiyo hiyo kwa kombamoyo na mtambaapanya. Maneno haya yamo katika kamusi, lakini kamusi haiezeki. Yataendelea kuishi iwapo kuna paa linaloezekwa upya na kijana aliye juu yake akiambiwa, kwa Kiswahili, alete nini.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, makala inapendekeza kwamba kila sehemu ya mchoro wa banda ipewe lebo yenye mambo manne: jina, mti, kipimo na kazi. Lebo hii inachukua utajiri wa majina ya Lamu na uwazi wa vipimo vya Waithaka. Mfano wa orodha ni huu:

Nguzo: mvinje uliotibiwa, kipenyo sm 15, husimama juu ya kitako cha jiwe na kubeba mwamba.
Mwamba: mvinje uliotibiwa, kipenyo sm 13, hulala juu ya nguzo na kupokea makombamoyo.
Kombamoyo: mvinje, kipenyo sm 10; hupanda kutoka mwamba hadi kileleni kwa digrii 45.
Pau: mvinje mwembamba, kipenyo sm 5, hukatiza makombamoyo na kushikilia makuti.
Upenu: mwendelezo wa kombamoyo, hukinga nguzo na benchi dhidi ya mvua ya kusi.
Baraza: ubao wa sehemu ngumu ya mnazi, benchi la kuketi, lenye nafasi ndogo kati ya mbao ili maji yapite.

Vipimo hivi ni kielelezo cha namna ya kuandika, na mhandisi atapaswa kuvithibitisha kulingana na mahali. Pili, inapendekezwa kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na idara za usanifu majengo kukusanya istilahi kutoka kwa mafundi, waunda vyombo na wakataji mikoko wangali hai. Ukusanyaji huo ufanywe pia Waithaka na mitaa mingine ya Nairobi, kwani maneno ya huko yanatumika kila siku na bado hayajaorodheshwa kwa uangalifu. Tatu, mikutano ya kushirikisha wananchi kuhusu majengo ya umma ipewe michoro yenye lebo za Kiswahili, ili mzee anayejua kusi inapiga wapi aweze kuweka kidole juu ya karatasi na kusema hapa mmekosea.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba msamiati wa ujenzi wa mbao ni hazina ya maarifa ya kiusanifu, na kwamba sehemu ya hazina hiyo inapotea pale neno linapopanuka maana bila kipimo chake kuandikwa. Imeonyesha pia kwamba msamiati wa inchi unaotumiwa Waithaka hauna sababu ya kuaibishwa. Unahitaji kukamilishwa kwa jina la mti na kazi. Banda la baraza likibuniwa kwa lugha hii, fundi wa Waithaka ataweza kulijenga Gazi, mlinzi wa msitu ataweza kuhesabu miti yake, na kijiji kitaweza kulikarabati wakati msanifu ameshaondoka.

Maswali ya Kujadili

1. Tathmini istilahi banda la baraza kwa kutumia vigezo vya PEGITOSCA. Je, kuna istilahi nyingine inayofaa zaidi?
2. Kusanya majina kumi ya mbao au sehemu za paa kutoka kwa fundi wa mtaa wako. Bainisha ni yapi yanataja kipimo, ni yapi yanataja mti na ni yapi yanataja kazi.
3. Eleza kupanuka kwa maana ya maneno boriti na baraza, kisha ujadili kilichopatikana na kilichopotea katika kila moja.